Wageni Waliolipia Jembe

Mwaka ule mvua ilipokataa kunyesha, Bonde la Mtopeni lilibaki na kitu kimoja tu cha kutamaniwa: kipande cha ardhi yenye unyevu chini ya kilima, mali ya Fisi. Kwingine kote nyasi zilikuwa zimekauka na wanyama walishinda wakifukua mizizi. Kwa Fisi udongo ulikuwa mweusi na laini, nao ulikuwa haujaonja jembe, kwa sababu mwenyewe alikuwa mvivu kuliko kiumbe chochote kilichopata kuota meno.

Kona moja tu ndiyo iliyolimwa. Kanga, mjane mwenye vifaranga wengi, alimwomba Fisi alime pale pembeni, naye Fisi akakubali kwa sharti kwamba nusu ya mavuno iwe yake. Kanga alikuja na jembe lake mwenyewe, jambo lililomfurahisha sana Fisi, maana desturi ya Mtopeni aliijua vizuri. Ukimkabidhi mtu jembe kwa mkono wako mbele ya shahidi, naye akalima ardhi yako iliyolala mpaka mbegu zikachipua, ardhi ile inakuwa yake. Wazee waliweka hivyo ili asiwepo mtu wa kulikalia shamba kama kuku anayeatamia mawe. Kwa hiyo miaka yote Fisi alimwambia Kanga alime, lakini hakuthubutu kumshikisha hata mpini.

Kanga alikuwa pia na nyumba ndogo ya wageni. Kila mwaka korongo walikuja kutoka kaskazini wakiikimbia baridi ya kwao, wakafikia kwake na kulipa kwa samaki wakavu. Aliwapa maji safi, kitanda cha nyasi kavu, uji wa asubuhi na pole ya safari. Kona ile ya shamba na wale korongo ndivyo vilivyowaweka hai vifaranga wake katika kiangazi kile.

Fisi aliwaona samaki, mate yakamtoka. Akajenga nyumba yake ya wageni juu ya kilima, kama kweli kuegemeza fito nne kwenye mwamba ni kujenga. Paa lilikuwa na matundu, sakafu imejaa mifupa ya mwaka juzi, na harufu yake, tusiitaje. Korongo wa kwanza waliolala pale waliondoka alfajiri bila kuaga.

Fisi alikwenda kwa Sungura kuomba ushauri. Sungura alikuwa amezunguka hoteli za kila mbuga, akila bila kulipa, na kwa sababu hiyo watu walimhesabu kuwa mtaalamu wa utalii. Alitaka kwanza wakubaliane ujira: apewe ile nusu ya kunde ambayo Fisi huichukua kwa Kanga. Fisi akaapa kwa meno yake.

"Mgeni wa siku hizi hatafuti starehe," Sungura akaanza. "Starehe ameiacha kwake, imemchosha. Anatafuta cha kwenda kusimulia. Kwa hiyo usitengeneze chochote. Kila kibovu kipe jina."

"Paa langu lina matundu."

"Hicho ni chumba cha nyota."

"Viroboto je?"

"Kukutana na wenyeji."

"Na chakula sina. Kilichokuwepo nimekila."

"Hapo ndipo ulipobahatika," Sungura akasema. "Kufunga ili kusafisha mwili ndiyo huduma ya bei ya juu kuliko zote."

Fisi alidhani anachezewa, lakini akajaribu, maana kujaribu hakukuwa na kazi yoyote ndani yake. Haukupita muda korongo wakaanza kumiminika kilimani. Walilala chali wakihesabu nyota kupitia matundu, wakajikuna wakicheka, wakashinda na njaa na kusema miili yao imekuwa myepesi. Walijipiga picha mbele ya mifupa na kuwatumia ndugu zao, na ndugu zao wakaja. Kila aliyeteseka zaidi ndiye aliyesifu zaidi, kwani hakuna anayependa kukiri kwamba amesafiri bara zima kwenda kulipia viroboto.

Nyumba ya Kanga ilibaki tupu. Bi Korongo, kiongozi wa msafara, alipita kumsalimu na kumwambia kwa haya kwamba uji wake hauna mfano, ila mwaka huu kila mtu anazungumzia kwa Fisi. Kanga akamjibu kwamba hana kinyongo. Kinyongo alikuwa nacho, tena kikubwa, lakini vifaranga walikuwa wakisikiliza.

Mwenye tamaa ukimjaza tumbo, anagundua kwamba ana tumbo jingine nyuma ya lile. Fisi sasa alitaka vibanda vya wageni hadi kule bondeni penye unyevu. Alimtumia Kanga ujumbe kwamba akishavuna kunde zake aondoke na asirudi. Sungura naye alipokwenda kudai ujira wake, Fisi alimwambia kwamba alichotoa yeye ni maneno, na maneno hulipwa kwa maneno, kwa hiyo asante sana.

Sungura akateremka bondeni. Akamkuta Kanga amekaa kizingitini, machozi yakimtoka, akiwaambia watoto kwamba ni vumbi. Ningependa kusema Sungura aliingiwa na huruma, na pengine iliingia kidogo, lakini kilichomchoma hasa ni zile kunde. Alimwambia Kanga asifunge mzigo bado, na kwamba siku yoyote Fisi akimpa kitu mbele ya watu, akipokee kwa mikono miwili na kushukuru kwa sauti. Kesho yake akapanda tena kilimani, masikio yameinama kama ya mwenye adabu.

"Bwana Fisi, yale ya ujira nimesahau," akasema. "Nimekuja kwa wema tu. Korongo wako wameanza kuchoka. Nyota wamezihesabu zikaisha."

Fisi akashtuka. "Sasa niwape nini?"

"Wape kazi. Huko kwao sasa mtindo ni huo, mgeni anakwenda mbali kushika udongo na kujisikia mtu wa pale. Wape ile ardhi yako wailime."

"Walime, halafu wanilipe?"

"Wanaolima kwa shida hulipwa. Wanaolima kwa raha hulipa."

Fisi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akamtazama Sungura kwa pembe ya jicho. "Na ile desturi ya jembe?"

"Ile ni ya wakulima. Hawa ni watalii, msimu ukiisha wanaruka. Umeona wapi mtalii akiondoka na shamba chini ya bawa?"

Fisi aliitafakari, na kadiri alivyoitafakari ndivyo alivyoona samaki tu. Akaona shamba limelimwa bure, mavuno ghalani, na wageni wakipanga foleni kutoa jasho lao. Akaona pia kwamba akimwita Simba kuzindua, wageni watalipa maradufu kwa kupiga picha na mfalme. Wazo hilo la mwisho lilikuwa lake mwenyewe, nawe usimnyime sifa yake. Sungura alilazimika kugeuka na kujifanya anapiga chafya.

Simba alikuja na manyoya yaliyochanwa. Alikuwa mfalme mwenye mambo mengi, lakini kwa shughuli yenye picha hakukosa nafasi. Alihutubu asubuhi nzima, na hotuba yote ilimhusu yeye: kwamba hakuna jambo katika Mtopeni lisilopita mbele ya macho yake, na kwamba yeye binafsi ndiye shahidi wa kila jembe litakaloshikwa siku ile. Wageni wakapiga makofi. Fisi akawakabidhi korongo majembe, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono huu akitoa jembe na kwa mkono ule akipokea samaki.

Zamu zilipokwisha, Bi Korongo alilalamika kwamba picha haijakamilika. Wao walikuwa wageni watupu, yuko wapi mwenyeji wa kuwafundisha? Sungura akakohoa na kusema kuna Bi Kanga pale, fundi wa kunde. Fisi alikunja uso, lakini wageni wote walikuwa wakimtazama, na Simba alikuwa bado anatabasamu upande wa kamera. Akachukua jembe jipya, akatabasamu naye, akamwekea Kanga mikononi.

"Pokea, Bi Kanga, ulime nasi," akasema kwa sauti ya ukarimu.

"Nimelipokea, Bwana Fisi, na Mzee Simba ameona," Kanga akajibu kwa sauti iliyowafikia wote.

Basi wakalima. Korongo hawakujua kushika jembe, na mwanzoni walijikata vidole vya miguu kuliko walivyokata magugu, lakini Kanga aliwafundisha bila kuwacheka. Ilipofika kupanda, wakagundua kwamba kwa midomo yao mirefu wanatoboa shimo la mbegu vizuri kuliko kijiti chochote, wakajivuna sana. Fisi alikaa kivulini akila samaki, akinenepa. Udongo ule haukuwa na ubaguzi: kunde na mahindi vilichipua shamba zima.

Asubuhi moja, Kanga alipokwisha kuvuna kona yake ya zamani, Fisi alishuka kumtoa. Alimkuta akipalilia, vifaranga nyuma yake, naye hakuinua hata kichwa. Alimjibu tu kwamba hatoki, na kwamba kama Fisi ana neno, baraza la Simba liko wazi. Fisi akaenda barazani akibweka njia nzima kwamba ameibiwa.

Kwa Simba, Kanga alieleza kwa kifupi. Jembe alikabidhiwa, shahidi alikuwepo, mbegu zimechipua. Bi Korongo akasema vivyo hivyo kwa niaba ya wenzake, akaongeza kwamba wao watarejea kwao msimu ukigeuka, kwa hiyo sehemu yao yote wanamwachia aliyewafundisha.

"Mtukufu, ile siku ilikuwa mchezo," Fisi akasema. "Ilikuwa maigizo ya kufurahisha watalii. Kila mtu anajua."

Simba aliacha kujilamba kucha. "Kila mtu?"

"Kila mwenye akili, Mtukufu."

"Mimi nilisimama juani asubuhi nzima. Nilihutubu. Nilijitangaza shahidi. Unaniambia kwamba nilikuwa naigiza?"

Hapo Fisi aliiona njia panda aliyosimama. Akisema ilikuwa mchezo, amemfanya mfalme kichekesho mbele ya raia zake. Akisema ilikuwa kweli, shamba limekwenda. Akamtafuta Sungura kwa macho, lakini Sungura alikuwa ameshughulika sana na kitu kilichomwingia sikioni.

"La, Mtukufu," Fisi akasema. "Wewe huwezi kuigiza."

"Basi majembe yalitolewa kweli."

"Yalitolewa kweli."

"Na aliyeyatoa ni nani?"

"Ni mimi, Mtukufu, kwa mkono wangu."

Simba akaamua palepale, maana jua lilikuwa linapanda na hukumu ndefu haimpendezi mtu ambaye hukumu hiyo haimhusu. Bonde lote lenye unyevu ni la Kanga na watoto wake. Kilima kinabaki kwa Fisi, pamoja na mwamba na mifupa yake. Kanga alilia mbele za watu, na safari hii hakusingizia vumbi.

Kabla baraza halijatawanyika Sungura alishaonekana katikati ya kunde, mashavu yamejaa. Kanga alimfuata na kumwonyesha mstari wa pembeni, akamwambia ale huo, na akivuka atakutana na jembe jipya kwa upande wa chuma. Sungura akakubali bila kubisha, jambo ambalo kwake ni nadra.

Korongo walihamia kwa Kanga siku ileile, wakilalamikia migongo na kuulizia uji. Fisi alibaki kilimani bila mgeni wala shamba. Jioni moja, mavuno yalipoiva na moshi wa kunde za kwanza ukapanda kutoka bondeni, aliketi mlangoni akinusa, na hakuna aliyemkumbuka kwa bakuli. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.