Machipukizi Matatu ya Mama Eliwaza

Hii nimetumiwa na shemeji yangu asubuhi, imenikaa moyoni kutwa nzima. Isome mpaka chini, hata kama maji ya ugali yanachemka.

Mbonea alikuwa mkulima wa migomba kwenye kijiji kimoja cha mlimani. Hakuna aliyemfikia. Ndizi zake zilikuwa zinaposwa zikiwa bado mgombani, kama mabinti wazuri.

Mwaka mmoja ikaja mvua kubwa yenye upepo, mlima ukameguka, tope likaondoka na shamba lake lote. Nyumba ikabaki. Mkewe Nakiete na watoto wakatoka wazima. Hayo Mbonea hakuyaona. Alikaa barazani akitazama mawe pale palipokuwa na migomba, hata salamu akawa haitikii.

Kwao mbegu ya mgomba haiuzwi. Jirani aliyebakiwa nayo humpelekea aliyepoteza, na aliyepewa huipanda siku hiyohiyo. Basi akaja Mama Eliwaza, mjane wa ng'ambo ya mfereji, na machipukizi matatu aliyoyafunga kwa majani mabichi.

"Pole, baba. Panda haya, Mungu atazidisha."

Mbonea akacheka kwa uchungu. "Matatu? Nimepoteza shamba zima, mama, halafu unaniletea matatu?"

Yule mama akayaweka chini taratibu, akaaga.

Nakiete akamsihi mumewe ayapande. Alipotaka kuyapanda mwenyewe, Mbonea akafoka, "Yaache! Shamba ni langu." Jua likayapiga palepale uani mpaka yakakauka, mbuzi akamalizia.

Miezi ikapita. Migomba ya majirani ikawa inafika kiunoni. Kwa Mbonea watoto wakawa wanalala na uji mtupu, na hapo kiburi kikalainika. Akashika njia kwenda kwa Mama Eliwaza kuomba mbegu. Akakuta shamba la yule mama ni mawe na magugu tu, hakuna hata jani la mgomba.

"Mama, migomba yako iko wapi?"

"Si nilikuletea wewe? Tope liliniachia yale matatu tu. Nikasema, mikono yangu imechoka, nikiyapanda yatanifia. Mbonea ndiye anayejua migomba. Yakishika kwake, na mimi sitalala njaa." Akatabasamu. "Enhe, niambie baba, yameshika?"

Mbonea alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hayakushika, mama."

"Ooh, pole sana. Basi kosa ni langu. Nadhani niliyang'oa vibaya."

Mbonea akafungua mdomo aseme kweli, akashindwa. Kesho yake alivuka bonde, akaomba mbegu kwa watu wasiomjua, akapokea kila alichopewa, hata vile vilivyonyauka nusu. Alipanda kwa Mama Eliwaza kwanza, ndipo akapanda kwake. Mashamba yote mawili yakashika.

Kila alipokwenda kumpalilia, yule mama alimshukuru na kumwombea dua, na Mbonea aliinama chini asionekane uso. Mama Eliwaza alikula ndizi za shamba lake mpaka alipofariki. Na mpaka siku hiyo aliamini kwamba ni yeye aliyeyang'oa vibaya.

Funzo: Unapolilia kilichosombwa, tazama pia ulichoachiwa na ulicholetewa, ukipokee na uanze nacho. Kidogo unachokidharau huenda ndicho chote alichobakiwa nacho mwenzako.