Moshi wa Nakiete

"Penye moshi pana mwenyewe." Mmemsikia mjomba wenu akiisema, mkacheka. Haya, kaeni niwaambie ilikoanzia, na atakayenikatiza ataenda kukata majani ya ng'ombe.

Kitongoji chetu hiki cha Upareni hakikuwa na jina. Zilikuwa nyumba chache tu mlimani. Masika moja mvua ikakataa kukatika, na ardhi ikapasuka juu ya nyumba zetu. Wazee wakasema tushuke bondeni, la sivyo udongo utatuzika. Lakini desturi ilikuwa hivi: mji usiotoa moshi ni mahame, na yeyote atakayewasha moto pale ndiye mwenyewe. Watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wakiyamezea mate mashamba yetu siku nyingi.

Nakiete, mjane asiye na mtoto, akasema, "Nendeni. Mimi nabaki na moto."

"Shemeji, utakufa!" Senkondo, mdogo wa marehemu mumewe, alimsihi.

"Na watoto wenu watalima wapi? Kwenye mawe?"

Wakashuka. Huko bondeni, kila kulipokucha, watu walitafuta moshi kabla hata ya kusalimiana. Udongo uliponguruma, walitoka nje kuutazama mlima.

Asubuhi moja moshi haukuonekana. Senkondo akapanda mbio, akiteleza, akilia waziwazi. Njiani akawakuta watu wa ng'ambo nao wanapanda, wamebeba makaa kwenye chungu. Lo! Akajikaza kwenda nao sambamba.

Walifika pamoja. Kumbe ukungu ulikuwa umeukalia mlima, ndio uliouficha moshi. Nakiete alikuwa amechuchumaa mekoni, macho mekundu. Kuni zilikwisha zamani. Alikuwa amechoma kinu, amechoma kitanda, sasa anapasua mlango.

Akawatazama wageni, akakitazama chungu chao.

"Karibuni. Mmekuja kuomba moto? Mbona mnao?"

Mkubwa wao akatoka, akayamwaga makaa kwenye matope.

"Twendeni," akawaambia wenzake. "Penye moshi pana mwenyewe."

Mvua ilipokatika watu walirudi, na walipoulizwa wanakaa wapi, walijibu: Kwa Nakiete. Ndilo jina mpaka leo.

Sasa nyie mnaonong'ona kwamba bibi amezeeka, afunge nyumba ahamie kwenu mjini, nimewasikia. Mjue mnaniambia nini. Penye moshi pana mwenyewe.