Zimwi Lililobonyeza Herufi Moja

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na zimwi na sanduku lake.

Tuambie.

Zimwi hilo liliishi juu ya jabali, na ndugu yake ng'ambo ya mlima. Likamwamuru Fundi Shamte, mchonga mbao, alichongee masanduku mawili ya kufichia maneno. Moja lake, moja la nduguye.

Kila sanduku lilikuwa na magurudumu matatu. Ukibonyeza herufi, hutoka nyingine, na gurudumu la kwanza husogea jino moja. Likimaliza mzunguko, husukuma la pili. La pili likimaliza, husukuma la tatu. Basi bonyeza A, hutoka M. Bonyeza A tena, hutoka T. Bonyeza A tena, hutoka K. Mwenye sanduku la pili akianzia magurudumu mahali palepale, akabonyeza M, T, K, hupata A tatu.

Kazi ilipokwisha, zimwi likampelekea nduguye sanduku lake, kisha likamfungia fundi pangoni. Mkewe, Siwema, akabaki bondeni peke yake na sanduku la majaribio, alilolichonga mumewe kabla ya yale mawili.

Kila asubuhi zimwi lilimwita nduguye kutoka jabalini, likipaza sauti herufi zilizotoka sandukuni. Siwema aliziandika ukutani kwa mkaa. Hakuzielewa, maana hakujua magurudumu yalianzia wapi. Ng'ambo hakujibu mtu.

Siku moja zimwi likaita tangu alfajiri hadi adhuhuri. Siwema akatazama ukuta. Herufi zote zilikuwapo, isipokuwa A. Akakumbuka mumewe aliwahi kumwambia kuwa sanduku halitoi kamwe herufi uliyobonyeza.

Basi siku hiyo zimwi halikuwa na la kusema. Lilibonyeza A tu, tena na tena, ili lijibiwe.

Siwema akabonyeza A, akageuza magurudumu yaanzie mahali pengine, akabonyeza tena. Siku ya kwanza hakupata. Siku ya pili hakupata. Siku ya tatu zikatoka herufi zilezile za ukutani. Na zimwi halikuwa limebadili mwanzo wa magurudumu hata siku moja. Akasoma ukuta wote.

"Ndugu yangu, njoo tumle fundi. Kula peke yangu hakuliki. Usipokuja hadi mwezi uandame, nitamla hivyo hivyo."

Mwezi ulikuwa uandame kesho. Siwema akapanda mlimani, akatia mdomo kwenye mtungi ili sauti iwe nzito kama ya ndugu wa zimwi, akaita kwa herufi za sanduku: "Njoo kwangu wewe. Mwache fundi, huku kuna ng'ombe."

Zimwi likateremka mbio kwenda ng'ambo, likicheka. Siwema akaondoa gogo mlangoni pa pango.

"Umejuaje, mke wangu?" akauliza Shamte.

"Lilikuwa peke yake," akasema Siwema. "Kama mimi."

Ng'ambo ya mlima, zimwi likakuta nyumba imeota nyasi mlangoni, na ndani mifupa ya nduguye. Sanduku lilijaa vumbi. Magurudumu yake hayakuwa yamesogea hata jino moja. Likakaa chini karibu nalo, wala halikurudi.

Hadithi yangu inakomea hapo, kwenye nyumba hiyo. Mwenye siri ajihadhari siku ya upweke, maana ndiyo siku atakayoitoa.