Dua ya Fundi wa Kisu

Bwana Seushi alikuwa tajiri mwenye ugonjwa wa kukusanya visu vya kale vya kukunja, na kila kizuri alichokiona kwa maskini alidai kimeibwa kwake. Siku moja alimkuta Bi Zamzam sokoni akimenya machungwa kwa kisu chenye alama ya kaa mwenye magando mawili. Akampokonya, akamburuta hadi kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Hiki kisu cha babu yangu!" akanguruma.

Zamzam akainama kwa adabu. "Huenda, Bwana. Muuza machungwa nijue nini? Hebu tueleze, nani alikifua?"

Seushi akatanua kifua. "Mjinga we! Alama ya kaa ni ya fundi mkuu wa Maskati. Babu alikinunua mkononi mwake."

"Loo! Na huyo fundi yungali hai?"

"Mifupa yake ilikuwa vumbi kabla mama yako hajazaliwa."

"Maskini! Basi mwombee dua, Bwana, nami nitakuachia kisu kwa roho safi."

Seushi akainua mikono, akamwombea marehemu rehema na kaburi pana. Watu wakaitikia "Amina", na aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa mhunzi mmoja aliyesimama mlangoni na zana zake.

"Mume wangu," Zamzam akamwita, "umeombewa vya kutosha. Njoo ugonge."

Mhunzi akatoa chuma chake cha kupigia alama, akakigonga juu ya meza ya mwenyekiti. Kaa yuleyule akatokea ubaoni, magando na yote.

"Rudisha kisu, Bwana," Zamzam akasema, "na sanda ulete. Umemzika mume wangu uchi."