Kisigino cha Digidigi

Hadithi inakuja!
— Ije na nini?
Ije na miguu minne!
— Ije mbio, tuipishe!

Kulikuwa na Nyani, mkubwa, mwenye kifua kipana kama mlango. Kiangazi kilipokaza, akakalia kisima. Akakalia kabisa, makalio juu ya mdomo wa kisima! Akija Kanga, Nyani anamfokea, "Changu!" Akija Ngiri, "Changu!"

Akaja Bi Digidigi, mdogo, miguu myembamba kama njiti. Nyuma yake mwanawe, ulimi nje. Bi Digidigi alipoutazama ulimi ule, moyo ulimuuma.

"Bwana Nyani, tushindane. Siku ya saba turuke korongo. Atakayefika ng'ambo, kisima chake."

Nyani akacheka, kwa kwa kwa! Kisha akakumbuka: alishawahi kumwona Bi Digidigi akiruka.

"Nipe siri ya miguu yako," akasema. "Mtoto atapata mafunda matatu kila siku."

"Siri sina, bwana wee. Kisigino changu hakijagusa chini tangu nizaliwe. Basi!"

Haya! Nyani akasimama juu ya vidole. Tiki, tiki, tiki! Asubuhi vidole, mchana vidole, hata akilala kanyoosha vidole. "Leo mara mia tano!" anajisifu. "Leo elfu!" Kisigino kikitaka kushuka, Bi Digidigi anaita kutoka ng'ambo ya pili ya kichaka:

"Ee! Kisigino hicho!"

Nyani anakirudisha juu haraka, kwa aibu. Tiki, tiki, tiki!

Na Bi Digidigi? Yuko nyuma ya mwamba, kwenye jiwe lililoinama. Uso anauelekeza upande wa juu wa jiwe, anajishusha pole pole mpaka kifundo kikunjike kabisa na shavu la mguu livutike, vuuu... halafu anaruka, chupa! Anajishusha tena, vuuu... chupa! Mara kumi, anapumzika. Mwanawe anapiga mafunda yake matatu, anangoja.

Siku ya saba, wanyama wote kwenye korongo! Vumbi! Vigelegele!

Bi Digidigi akajikunja, vuuu... chupa! Huyoo! Tuli, ng'ambo!

"Mimi sasa!" Nyani akapiga kifua, akachuchumaa apate nguvu. Loo! Kisigino kikashuka. Shavu la mguu siku saba halijanyooshwa, limekaza kama kamba ya kitanda. Ka-ka-ka!

"Yalaa! Mguu wangu!"

Biringi, biringi, puu! Chini ya korongo.

"Umenidanganya, we Bibi!" akalia.

"Neno lipi la uongo?" Bi Digidigi akainua mguu. "Tazama. Kimegusa chini?"

Nyani akatazama. Kisigino kiko juu kule, katikati ya mguu wa nyuma, mbali na kwato, kikavu, safi. Hakijagusa hata vumbi.

Mtoto akanywa mpaka tumbo likafanya ngoma. Ngiri akanywa, Kanga akanywa. Jioni Nyani akaja akichechemea, kiu imemkaba. Bi Digidigi akamwonea huruma.

"Mafunda matatu," akamwambia. "Lakini kanyaga kisigino kwanza."

Nyani akakanyaga, machozi tiri tiri, akanywa.

Basi wanangu, funzo ni hili: jihadharini sana na wasema kweli. Mwongo hajawahi kumkaza mtu mguu!

Hadithi imeruka, imefika ng'ambo.
— Na wewe je?
Mimi nimebaki huku, nanyoosha kisigino!