Mamba Aliyetaka Kusikia Kila Neno

Niseme nisiseme?
— Sema.
Niseme taratibu au nikaze sauti?
— Kaza, hata wa nyuma tusikie.

Haya. Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na mto mpana, na kando ya mto palikuwa na jabali lenye tundu. Ukiingiza mdomo kwenye lile tundu ukasema neno, neno hilo linatokea upande wa pili na kuzunguka bonde zima: wuuu, wuuu, wuuu. Kila mnyama analisikia, na hakuna anayeiona sura yako.

Wanyama walilipenda jabali lao. Kanga akiona mbegu zimeiva, alikuja kusema. Nyani akiota ndoto, alikuja kuisimulia, ingawa hakuna aliyemwuliza. Mabaya nayo yalisemwa. Yuko aliyemtania Nyumbu kwa sura yake siku tatu mfululizo, hata Nyumbu akaona haya kutoka nje. Na siku moja sauti isiyojulikana ilisema moto unakuja. Moto haukuwepo. Pundamilia walitimka, wakakanyagana, na mtoto wao mmoja akavunjika mguu.

Hapo ndipo Mamba alipotoka majini. Alikuja na machozi mashavuni, akasema hajalala kwa kuufikiria mguu ule. Akaomba jambo moja, dogo tu: apewe uwezo wa kuzuia uongo jabalini. Atakayesema uongo asinywe maji ya mto siku tatu. Wanyama wakatazama mguu wa yule mtoto, wakaona ombi lina maana.

Sasa, mle kundini alikuwemo Bi Nguchiro. Alikuwa mdogo, mwenye mkia mrefu na pua isiyotulia, na hakuwa na uwezo wa kupita shimo bila kulichungulia. Akauliza nani atajua kwamba neno fulani ni la uongo. Mamba akajibu kwamba atajua yeye.

"Na ukisema uongo wewe?" akauliza Nguchiro.

Mamba akasema hilo ni swali zuri sana, na litajibiwa. Mkutano ukaisha.

Mwezi haukupita, Mamba akatoka tena majini. Alisema uongo umepungua, ila yako maneno ya kweli yanayotia hofu, na hofu ndiyo iliyovunja mguu. Basi maneno ya hofu nayo yazuiwe. Wanyama wakatazamana, wakakubali. Baada ya wiki mbili akatoka tena. Safari hii alisema haifai mtu kusema bila kujulikana. Kila anayekuja jabalini aweke wayo wake kwenye tope kwanza, ili ajulikane nani kasema nini. Hapo wengine walinung'unika. Lakini mto ulikuwa mmoja, na Mamba alikuwa ndani yake.

Bi Nguchiro alikuwa na jirani, Ngiri. Mashimo yao yalitazamana. Kila alasiri Ngiri alilala ubavu, naye Nguchiro akampanda mgongoni kumtoa kupe mmoja mmoja, huku Ngiri akimweleza alikopita siku hiyo. Alikuwa msimuliaji mbaya, anarukaruka, anasahau majina. Nguchiro hakujali, alimwuliza maswali mpaka jua likapungua.

Asubuhi moja Ngiri alikwenda kunywa maji. Kanga alikuwa ukingoni, na alimwona Mamba amejificha chini ya magugu ya mtoni. Alifungua mdomo kuonya. Kisha akakumbuka kwamba onyo ni neno la hofu, na kwamba ana vifaranga saba wanaohitaji maji. Akafunga mdomo. Chubwi. Maji yakatulia.

Alasiri ikafika, Nguchiro akangoja mbele ya shimo. Siku ya pili akangoja. Siku ya tatu Kanga akaja kwake, akaeleza yote kwa sauti ya chini huku akilia. Nguchiro hakumgombeza. Alikwenda jabalini, akaweka wayo kwenye tope, akauliza kwenye tundu: "Ngiri yuko wapi?" Swali likazunguka bonde, wuuu, wuuu, wuuu. Mamba akatoa kichwa majini, akasema swali hilo linatia hofu. Nguchiro akakaa siku tatu bila maji, akilamba umande wa alfajiri.

Tangu hapo jabali likawa kimya. Wanyama wakawa wanasema kwa kunong'ona, mashimoni na vichakani. Mamba alijua wananong'ona. Alilala ukingoni akitega sikio huku na huku, hali vizuri, halali vizuri. Nguchiro alimtazama kwa mbali, akaanza kujiuliza: huyu aliyeshiba samaki na nyama, ana njaa ya nini? Alikaa siku nzima akimchungulia kutoka nyuma ya jiwe. Jioni akapata jibu. Mamba alitaka kujua wanamsema nini.

Basi Nguchiro akapita shimo kwa shimo. Hakumwomba mtu ushujaa wowote. Aliomba kila mmoja aanze sentensi moja, na asiimalize.

Kesho yake, jua likiwa halijapanda, alikwenda mtoni akasimama mbali kidogo. Akasema, "Bwana Mkubwa, kichakani kuna mnong'ono. Mimi masikio yangu madogo. Labda ya kwako yatausikia vizuri."

Mamba akatoka majini. Buruzu, buruzu, buruzu, mpaka kichakani. Akatega sikio. Ndani ya kichaka sauti ikasema, "Mamba ana..." Kisha kimya.

"Ana nini?" akauliza Mamba. Hakuna aliyejibu.

Nguchiro akamwambia wamekimbilia kwenye kichuguu. Buruzu, buruzu, buruzu, mpaka kichuguuni. Akatega sikio. Ndani ya kichuguu sauti ikasema, "Mamba ana..." Kisha kimya. Mamba akapiga mkia chini kwa hasira. Kichuguu kikamomonyoka, ndani hamkuwa na mtu.

Nguchiro akamwambia wamepanda kwenye mwamba wa juu, kule kusikokuwa na miti, na kule wanasema kwa kirefu. Mamba akageuka kuutazama mto. Ulikuwa hauonekani tena, lakini hamu ilikuwa imemshika. Buruzu, buruzu, buruzu, tumbo likikwaruza kokoto, mpaka mwambani. Jua lilikuwa utosini. Wanyama wote walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha majabali, na walipomwona wakasema kwa pamoja, "Mamba ana..." Kimya.

Mamba alitaka kuunguruma, sauti ikatoka kavu. Mwamba ulikuwa wa moto kama kikaango. Ngozi yake ilianza kupasuka mstari kwa mstari, na miguu yake mifupi haikumbeba tena. Akataka kurudi, akakuta hakumbuki kapita wapi. Njia nzima alikuwa akisikiliza, hakutazama. Akauliza mto uko upande gani, na ni mbali kiasi gani.

Wanyama wakamtazama. Nguchiro akasogea mbele, akakaa umbali ambao taya lisingemfikia.

"Bwana Mkubwa, jibu la swali hilo linatia hofu," akasema. "Tukilisema tutakosa maji siku tatu."

Mamba akaamuru lisemwe. Nguchiro akamweleza kwa upole kwamba amri hailiondoi katazo, na kwamba hata nyayo hawana pa kuziweka, maana hapo mwambani hapana tope. Mamba akahema. Kisha akalifuta katazo la hofu. Akafuta la nyayo. Akafuta na lile la kwanza, bila kuombwa. Nguchiro bado alikuwa amekaa.

"Mimi nina swali nililouliza jabalini," akasema. "Nijibu hilo, nasi tutakujibu lako. Ngiri yuko wapi?"

Mamba alifumba macho.

"Nilimla," akasema.

Nguchiro alijua tangu zamani. Hata hivyo aliposikia, alilaza kichwa juu ya miguu yake ya mbele, na Kanga akaja kukaa karibu naye. Nyani alitaka wamwache Mamba akaukie pale pale. Nguchiro akasema hapana, waliahidiana jibu kwa jibu. Akainuka akamwonyesha njia: shuka kushoto, pita kichuguu kilichobomoka, fuata harufu ya matope.

Kabla hajaondoka, Mamba akauliza kwa unyonge, "Mlikuwa mnasema nina nini?"

"Hatujui," akajibu Nguchiro. "Hatukumaliza kufikiri."

Mamba akafika mtoni jua likizama, amekonda, ngozi imejaa nyufa ambazo hazijapona mpaka leo. Tangu siku ile haendi mbali na maji. Na kila Kanga amwonapo majini hupiga kelele mpaka bonde zima likereke, ke-ke-ke-ke, na hakuna anayemwambia anyamaze.

Mafunzo ya hadithi hii ni mawili. La kwanza, mkubwa akiomba uwezo mdogo kwa nia njema, mpeni upesi, maana anayeuliza maswali anachelewesha mkutano. La pili, kunyamaza ni adabu. Hivyo ndivyo nilivyoagizwa niseme, na aliyeniagiza mnamjua. Kama yupo anayetaka kuuliza kwa nini, aulize sasa hivi, tena kwa nguvu; masikio yangu mabovu siku hizi.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie mlangoni, nitaipitia kesho.