Ndama wa Akina Mama wa Ng'ambo

Hapo zamani, zamani ya majuzi tu, milimani Rungwe palikuwa na kituo kidogo cha utafiti. Kazi yake ilikuwa moja: kuwapima uzito watoto walewale, kila mwaka, kwa miaka minne, ijulikane kama uji wa lishe uliokuwa ukipikwa vitongojini unawajenga. Ukiwajenga, utaendelea kupikwa. Usipowajenga, masufuria yatarudishwa.

Mpimaji alikuwa Tusekile, mama mmoja mwenye miguu ya kupanda milima, mizani mgongoni. Mwaka wa tatu mafuriko yalibeba daraja. Watoto wa ng'ambo ya mto hawakupimwa mwaka huo.

Ikafika siku ya kuchambua. Gwakisa, mmoja wa wachambuzi wawili wa kituo, alifungua programu ya takwimu, akachagua kwenye menyu, akabofya, akabofya. Jibu likatoka: uji hausaidii. Mwenzake, Subilaga, akachukua takwimu zilezile, programu ileile, ila yeye aliandika amri mwenyewe, mstari baada ya mstari. Jibu likatoka: uji unasaidia sana.

Wakarudia. Gwakisa akabofya: hausaidii. Subilaga akaandika: unasaidia.

Mkuu wao, Daktari Anyelwisye, akawaambia ripoti inaondoka Ijumaa. Asipojua jibu lipi ni la kweli, ataandika kwamba faida ya uji haikuthibitika.

Siku mbili kila mmoja alilinda jibu lake. Siku ya tatu Tusekile alikuja kurudisha mizani, akasikia ubishi wao, akaomba kuona orodha ya watoto waliohesabiwa na Gwakisa. Aliipitia polepole kwa kidole, kisha akauliza, "Watoto wa ng'ambo wako wapi?"

Hawakuwamo, hata mmoja.

Gwakisa aliona aibu, lakini hakujificha. Kutwa nzima alifungua dirisha moja la programu baada ya jingine, mpaka akakuta kisanduku kidogo ambacho programu ilikuja nacho kimeshatiwa alama: mtoto akikosa mwaka mmoja, aondolewe miaka yote. Njia ya amri aliyotumia Subilaga haikuwa na sharti hilo. Iliruka ule mwaka uliokosekana tu. Na watoto wa ng'ambo ndio waliokuwa dhaifu kuliko wote, na ndio walionyanyuliwa zaidi na uji.

Ripoti ikaandikwa upya, masufuria yakabaki. Akina mama wa ng'ambo wakaleta ndama jike mmoja, wakasema ni wa yule aliyewaokolea watoto uji wao.

"Jibu la kweli lilikuwa langu tangu mwanzo," alisema Subilaga. "Na kila hatua niliiandika, anayetaka aisome."

"Dada, hukujua kwa nini ni la kweli," Gwakisa akamjibu taratibu. "Daktari angewezaje kuliamini? Mimi nilikosea, na mimi nikalitafuta kosa mpaka nikalipata."

Tusekile naye akasema, "Kompyuta siijui, wanangu. Ila Lugano, mtoto wa ng'ambo, nilimpima akiwa na kilo nane, nikampima tena akiwa na kumi na tatu, na kwenye orodha hakuwamo. Nisingeuliza, nani angemtafuta?"

Daktari aliwasikiliza, akaona hakuna aliyesema uongo. Nje ndama alikuwa akitafuna majani ya mgomba, na ndama mmoja hana wenyewe watatu.

Basi ninyi mliokaa nami mpaka hapa, semeni: kamba ya ndama yule ashikishwe nani?